Ibanda: Sere ndogo hujengwa kwa ajili ya mvua, lakini upepo ndio unaoibeba

Kwa wakaaji wa mtaa wa Ibanda, mjini Bukavu, mwezi wa nane ni wakati wa kutazama paa. Misumari ya manjanja inagongwa upya na mawe yanaongezwa juu, kwa sababu mvua za mwezi wa tisa hazirudi peke yake: zinakuja na upepo. Wenye sere kwenye parsele wana paa la pili la kutazama. Sere ni ile nyumba ndogo ya plastiki ya kupandia mboga, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kitalu nyumba. Paa lake ni jepesi kuliko manjanja, limeshikwa na vitu dhaifu kuliko misumari, na mara nyingi limewekwa mahali wazi kabisa ili lipate jua.

Mtu anayetaka kuanza hukosea kwanza kwenye swali lenyewe. Anauliza: sere gani inauzwa bei nzuri? Kwenye milima ya Bukavu swali la kwanza ni lingine: itashikwa na nini?

Sababu za kuitaka zinaeleweka. Sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Bukavu inatoka Kabare, Walungu na Kalehe, na nyingine inavuka daraja la Ruzizi kutoka Rwanda. Barabara ikiharibika ama mpaka ukifungwa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa korona, mama anayenunua nyanya Nyawera ama Kadutu anajua siku hiyo hiyo. Tangu Februari 2025, AFC/M23 walipoingia mjini, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Pesa mkononi imekuwa ngumu. Kwa familia yenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba, mita 18 za nyanya zimekuwa hesabu ya kweli. Na kwa familia hiyo hiyo, sere iliyobebwa na upepo usiku mmoja ni hasara ambayo hakuna atakayeilipa.

Tatizo letu ni majani yenye maji

Vitabu vingi na video nyingi kuhusu sere zinatoka kwenye nchi za baridi. Huko watu wanajenga ili kupata joto. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na joto lake la wastani ni kama digrii 19 ama 20 mwaka mzima. Nyanya haifi kwa baridi hapa. Inakufa kwa mildiu, ule ugonjwa unaoanza na madoa ya kahawia kwenye majani, kisha shina linakuwa jeusi, na ndani ya wiki moja shamba lote linaonekana kama limepitiwa na moto.

Mildiu inapenda mambo mawili: hewa ya ubaridi wa wastani, na majani yanayobaki na maji kwa saa nyingi. Kuanzia mwezi wa tisa hadi mwezi wa tano, Bukavu inatoa yote mawili bila kuombwa. Mkulima asiye na paa anapiga dawa, mvua inaiosha, anapiga tena. Kwa hiyo kazi kubwa ya sere Ibanda ni kuwa mwavuli. Inazuia maji yasiguse majani, na inazuia mvua ya mawe pale inapoanguka. Joto linaloongezeka ndani ni faida ndogo, na saa sita mchana linageuka kuwa shida, kwa sababu joto likipita digrii 32 hivi, maua ya nyanya yanaanza kudondoka bila kushika tunda.

Hili linabadilisha hesabu yote ya kununua. Anayejua kwamba anatafuta mwavuli hana haja ya kioo, wala ya kuta zilizofungwa kabisa. Anahitaji paa zuri, pande zinazopitisha hewa, na miguu isiyong’oka.

Hesabu ya upepo

Hatutachosha watu na namba nyingi, lakini hizi chache zinafaa kujulikana kabla ya kutoa dola hata moja.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao unakuja na radi za kawaida, unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 14 kwenye kila mita moja ya mraba. Ukifika kilomita 90, ni kama kilo 32. Na hiyo ni kwa hewa ya mwinuko wetu, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani.

Chukua sasa sere ya mita 3 kwa mita 6, kipimo kinachoenea kwenye parsele nyingi. Paa lake linafunika mita 18 za mraba. Upepo unapopita juu yake haulikandamizi tu upande mmoja. Upande wa pili unalivuta kwenda juu, na ukipata mlango wazi unaingia na kulisukuma kutoka ndani pia. Kwa upepo wa kilomita 90, nguvu ya kulinyanyua inaweza kufika kilo 570. Mbao na plastiki ya sere kama hiyo, vyote pamoja, vina uzito wa kilo 150 ama 200. Tofauti inayobaki lazima ishikwe na ardhi. Isiposhikwa na ardhi, itashikwa na paa la jirani, ama na waya za SNEL.

Ndiyo sababu sere nyingi ndogo haziangushwi. Zinaruka.

Aina tatu zinazopatikana

Kuna kwanza zile zinazokuja ndani ya karatoni: fremu nyembamba za aluminiamu na vibao vya plastiki ngumu ya polikaboneti, mara nyingi vya milimita 4. Wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa Dubai ama Kampala wanaweza kuzileta. Zinapendeza kwenye picha. Zimetengenezwa kwa bustani za Ulaya zilizozungushiwa ukuta na miti. Ya mita 2 kwa 3 inaweza kuwa na uzito wa chini ya kilo 60, na upepo tuliousema unaweza kuivuta kwa kilo 190. Vibao vyake vinashikwa na vibanio vidogo vya chuma. Kibao kimoja kikitoka, upepo unaingia, na vingine vinafuata kama karata. Vijiti vya kuchomeka ardhini vinavyokuja nayo ni vya sentimita 20 ama 30. Vinatosha kwenye udongo mkavu wenye majani. Kwenye udongo mwekundu wa Ibanda, ambao baada ya siku tatu za mvua unalainika kama bukari, vinatoka kwa mkono wa mtoto.

Anayeipata kwa bei nzuri asiitupe. Aifunge juu ya msingi wa simenti kwa bolti, aongeze skrubu kwenye kila kibao, na aiweke karibu na ukuta wa nyumba. Lakini akumbuke kwamba kwa pesa hiyo hiyo seremala wa hapa angejenga kitu kikubwa mara tatu.

Aina ya pili ni ile inayojengwa kwa miti ya mikaratusi ama mbao, yenye paa la pande mbili kama nyumba, ikifunikwa na plastiki ya sere. Kwa maoni yetu hii ndiyo inayofaa parsele nyingi za Ibanda, kwa sababu seremala yeyote anaweza kuitengeneza na kipande kilichovunjika kinabadilishwa siku hiyo hiyo. Isizidi mita 3 upana, na kimo cha katikati kisizidi mita 2 na nusu. Watu wanapenda kuijenga ndefu kwenda juu ili wasimame vizuri. Kila sentimita 50 za ziada ni upepo zaidi na mguu dhaifu zaidi.

Ya tatu ni handaki: matao ya tiyo ya plastiki ama ya mianzi, yaliyochomekwa kila mita moja na kufunikwa. Upepo unapita juu ya mgongo wake wa mviringo kwa urahisi kuliko juu ya paa lenye pembe. Kuna handaki kubwa la kuingia ukiwa umesimama, na kuna dogo la sentimita 60 ama 80 tu, la kufunika tuta moja la miche. Kwa mpangaji ambaye garanti yake inaisha mwaka ujao, ama kwa mtu aliye juu kabisa kwenye mgongo wa kilima ambako upepo haulali, handaki dogo ndilo jibu, hata kama halina heshima. Lisibebe nyanya ndefu. Libebe miche, pilipili na saladi. Likiruka, hasara yake ni tiyo sita na plastiki kidogo. Kuhusu mianzi, inunuliwe kwa wenye mashamba. Ile inayokatwa ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega ni ya wizi, na anayeinunua anajua.

Mfano wa Kenya unafaa kusemwa hapa, kwa sababu mipango ya misaada inapenda kuuiga. Huko, mabanda ya mita 8 kwa 15 yalienezwa sana kwa shule na vikundi vya vijana. Wengi walipata faida mwanzoni, kisha mnyauko wa bakteria ukaingia udongoni kwa sababu nyanya zilipandwa msimu baada ya msimu mahali pale pale, na plastiki zikachanika bila pesa ya kununua nyingine. Banda kubwa linataka fedha ya matengenezo kila mwaka. Mita 3 kwa 6 inasamehe zaidi. Ukitoa njia ya kupita katikati, inabaki na nafasi ya miche 35 hivi ya nyanya, na hata kama kila mche utatoa kilo 3 tu, ni zaidi ya kilo 100.

Kuchagua mahali

Kitabu cha Ulaya kitasema sere ielekezwe kufuatana na jua. Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo mwelekeo wa sere haubadilishi sana mwanga. Acha upepo uamue. Upande mfupi, ule wa mita 3, ndio uelekee upepo mkali unakotoka.

Unatoka wapi? Kwenye mji wa ziwa na milima kila parsele ina upepo wake. Mchana hewa hutoka ziwani kupanda. Usiku inashuka kutoka kwenye miinuko. Lakini upepo wa radi haufuati utaratibu huo, na nyumba za jirani zinaugeuza. Wakaaji wa Muhumba na Nguba, kwenye rasi zinazoingia ndani ya ziwa, wanaupata tofauti na wale wa Panzi walio bondeni na kwenye miteremko yake. Njia rahisi ni kusimamisha vijiti vinne kwenye pembe za mahali unapotaka kujenga, kufunga vipande vya kitambaa, na kuvitazama mvua inapokuja, kwa wiki chache. Tazama pia migomba. Majani yaliyochanika kama nyuzi yanaonyesha upande wa upepo, na mgomba wenye majani mazima unaonyesha mahali pazuri pa kujenga.

Wengi wanafikiri ukuta wa matofali ni kinga bora. Ukuta unasimamisha upepo, lakini upepo huo unaruka juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka, mara nyingi juu ya paa lako hasa. Kinga nzuri ni ile inayopitisha karibu nusu ya upepo: ua la matete, mstari wa gravilea iliyokatwa vizuri, wavu, ama uzio wa mianzi yenye nafasi kati yake. Ua la mita 2 linapunguza upepo hadi umbali wa mita 15 ama 20 nyuma yake. Liwe mbali kidogo na sere, mita 3 ama 4, lisizibe mwanga. Na usijenge chini ya parachichi kubwa, hata kama kivuli chake cha upepo kinavutia. Tawi moja linatosha.

Miguu kwanza

Hapa ndipo tungependa msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopunguza gharama.

Kwa sere ya mita 3 kwa 6, weka nguzo nne kila upande, nafasi ya mita 2 kati yake. Jumla ni nane. Kila nguzo ichimbiwe shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 50, lijazwe beto. Shimo moja la namna hiyo linachukua lita 45, na beto yake ina uzito wa kilo 108 hivi. Mara nane ni zaidi ya kilo 860, na hapo bado hatujahesabu udongo unaolishikilia pembeni. Ukilinganisha na zile kilo 570 za upepo, una nafasi ya kulala. Ukichanganya mawe safi ndani, kazi yote inachukua mifuko miwili ya simenti ya kilo 50. Mifuko miwili tu. Kuna watu wanaotumia zaidi ya hapo kwa kupaka rangi mlango.

Usiuzike mti wenyewe ndani ya beto. Maji yanakaa pale mti unapoingia, na mchwa wanakuja. Baada ya miaka miwili mkaratusi umeoza kwenye usawa wa ardhi wakati juu unaonekana mzima. Uache kwenye beto mikono miwili ya chuma bapa ama nondo zinazotoka juu, kisha nguzo isimame katikati, sentimita 5 juu ya ardhi, ifungwe kwa bolti. Hapo hata mpangaji anaweza kuondoka na sere yake: anafungua bolti nane na kuacha beto. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi wanaipaka kwenye nguzo, iachwe kwa uzio. Isikae karibu na udongo wa mboga.

Asiye na simenti ana njia nyingine ya zamani. Chimba shimo la sentimita 70, lalisha chini yake kipande cha mti mgumu cha mita moja ama jiwe refu, fungia waya mnene unaopanda hadi kwenye nguzo, kisha rudisha udongo na kuukanyaga tabaka kwa tabaka. Udongo uliokaa juu ya kipande hicho una uzito wa kilo 300 hivi, na upepo utalazimika kuunyanyua wote. Mifuko ya mchanga iliyowekwa juu ya ardhi pembeni ni bora kuliko hakuna, lakini kufikia kilo 600 utahitaji mifuko kumi na zaidi, na jua litaichana.

Kisha viungo. Msumari unashika vizuri mzigo unaokandamiza. Mzigo unaovuta kwenda juu unautoa taratibu, kila dhoruba kidogo, bila mtu kuona. Kila mahali paa linapokutana na nguzo, pamoja na misumari, zungusha waya wa kufungia, ule wanaotumia mafundi wa beto, mara nne ama tano, na uukaze kwa koleo. Kwenye pembe nne weka mbao za mshazari, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine. Fremu ya pande nne bila mshazari inajikunja kama kiti kibovu. Ikiwa na mshazari inakuwa pembetatu, na pembetatu haikunjiki.

Plastiki isipige kelele

Plastiki ya sere si sawa na ile ya kufunikia meza. Ya sere ni mikroni 200 na imewekwa dawa ya kuzuia jua lisiikaushe. Hiyo inaweza kukaa miaka mitatu ama minne. Plastiki nyeupe ya kawaida, chini ya jua letu la mlimani, inaanza kukatika kama biskuti baada ya miezi michache. Na bashi zile nzito za misaada, hata zikipatikana bure, hazipitishi mwanga wa kutosha. Nyanya itakua ndefu na dhaifu ikitafuta jua.

Ivikwe siku tulivu yenye jua, karibu saa sita mchana. Joto linailainisha na kuirefusha kidogo, kwa hiyo ikikazwa wakati huo, itakuwa ngumu zaidi jioni. Plastiki iliyolegea ndiyo adui. Inapiga kelele usiku kucha, inajisugua kwenye mbao, na kila pigo linaongeza tundu. Ukiisikia inapiga, tayari inakufa.

Usipigilie msumari moja kwa moja juu yake, kwa sababu kila tundu la msumari ni mwanzo wa mchaniko. Weka kipande chembamba cha mbao juu ya plastiki, na chini yake ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kisha ndipo upigilie. Upande wa chini uingizwe kwenye mtaro wa sentimita 30 na kufukiwa, pale ambapo ukuta hautafunguliwa. Juu ya paa pitisha kamba kutoka upande mmoja kwenda mwingine, katikati ya kila pao na pao, zikifungwa kwenye miguu ya beto. Paa liwe na mteremko mkali, digrii 30 ama zaidi. Plastiki ikifanya bonde, maji ya kina cha sentimita 10 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 100, na mvua ya Bukavu inaijaza kabla hujamaliza kutafuta ngazi.

Mlango, na pande za sere

Kuna ubishi wa zamani: upepo ukija, mtu afunge ama afungue? Jibu linategemea alichojenga. Sere yenye kuta za plastiki pande zote ifungwe kabisa kabla ya radi, na mlango uwe na komeo mbili, juu na chini, ukiwa upande usioelekea upepo. Mwavuli, yaani paa lenye pande za wavu tupu, hauna cha kufunga. Unaacha hewa ipite. Kibaya kuliko vyote ni kati ya hivyo viwili: upande wa upepo wazi na upande wa pili umefungwa. Hapo umetengeneza mfuko, na mfuko uliojaa hewa unajulikana unakwenda wapi.

Kwa sababu tatizo letu ni mvua na joto la mchana, tunapendekeza wavu kwenye pande ndefu zote mbili kuanzia kimo cha goti, na pazia la plastiki linaloviringishwa kwa kijiti. Asubuhi linapandishwa pande zote mbili. Jioni, ama mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, linashushwa pande zote mbili na kufungwa. Zote mbili, si moja. Wavu pia unazuia kuku wa jirani, jambo ambalo Ibanda si dogo.

Maji ya paa yanaenda kwa nani?

Hili halimo kwenye vitabu vya Ulaya, lakini hapa ndilo linaloweza kukupeleka kwa shefu wa avenyu. Mita 18 za plastiki zinakusanya lita 900 kwa mvua moja kubwa ya milimita 50. Zikiangukia mstari mmoja kwenye mteremko, zinachimba. Kila mtu mjini anajua miteremko ya Panzi na Nguba inavyomomonyoka, na nyumba zilizokwenda na udongo. Anayejenga sere kwenye ukingo na kuacha maji yake yashukie ukuta wa jirani wa chini anajenga kesi.

Weka mfereji pande zote mbili. Manjanja iliyokatwa na kukunjwa, ama tiyo kubwa iliyopasuliwa katikati, inatosha. Maji yaingie kwenye pipa, na yanayozidi yapelekwe kwa tiyo hadi kwenye mtaro wa kweli. Kwa mvua ya Bukavu, ambayo ni karibu milimita 1,500 kwa mwaka, paa hilo dogo linaweza kutoa lita 27,000, na ndani ya sere mvua hainyeshi, kwa hiyo utayahitaji. Siku ambazo bomba la Regideso limekauka, pipa hilo litatumika pia nyumbani. Mfereji ufungwe kwa waya kama paa, kwani nao unaruka.

Pia zungumza na jirani kabla ya kujenga, hasa pale nyumba zinapogusana. Sere iliyotoka inaweza kuvunja kioo ama kuumiza mtoto, na maneno ya kabla ni mafupi kuliko ya baada.

Mwezi wa nane kila mwaka

Sere ikishasimama, kazi ya mwaka ni ya nusu siku. Kabla ya mvua kurudi, shika kila nguzo na kuitikisa kwa nguvu zote. Ikicheza, kaza bolti. Pitisha mkono juu ya plastiki ukitafuta vitundu, na ufunge kila kimoja kwa utepe wa plastiki pande zote mbili, ndani na nje, kikiwa bado kidogo kama kidole. Badilisha kamba zilizochakaa. Kata ua la matete lisilale juu ya paa. Na baada ya kila radi kubwa, siku inayofuata, zunguka tena, kwa sababu dhoruba moja inalegeza na inayofuata ndiyo inayobeba.

Plastiki ikifika mwisho wake, vipande vizima vikatwe kwa ajili ya kufunika kitalu cha miche ama kuni. Kilichobaki kisichomwe kwenye parsele wala kutupwa kwenye mtaro. Takataka za plastiki zinazoshuka na mvua kutoka vilimani zinaishia ziwani, zinaelea hadi kwenye mlango wa mto Ruzizi, na kuziba mitambo ya Ruzizi I. Ndipo umeme wa SNEL unapokatika, Ibanda ikiwamo.